Hita ya Gesi Inasumbua? Anza na Maji, Kisha Hewa, Gesi Baadaye

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu hita za maji za gesi huanza hivi: "Fundi, gesi haiji." Nikifika, gesi ipo tele. Kilichokosekana ni maji yenye nguvu ya kuiamsha hita, au hewa ya kuulisha moto, na mtungi umeshabadilishwa bure. Kwa hiyo ninapofanya kazi natazama maji kwanza, kisha hewa, halafu ndipo gesi na cheche; ila mwongozo huu nimeupanga kwa dalili unazoziona mwenyewe. Ni kwa ajili ya nyumba za Mwanza na ukanda wa ziwa, kwa sababu hita nyingi zimeundwa zikilenga nchi za baridi, na zikifika huku kwenye miamba yetu zinakutana na mambo ambayo kijitabu chake cha maelekezo hakikuyataja.

Ninazungumzia lile boksi la ukutani lisilo na tanki, ambalo maji hupita ndani yake na kutoka ya moto hapo hapo. Watu wanalipenda kwa sababu halili uniti za LUKU, na kwa sababu nyumba yenye mzee anayeumwa miguu, au mama mzazi anayekandwa asubuhi na jioni, haiwezi kusubiri sufuria ichemke kila mara. Asubuhi za Juni na Julai, upepo ukivuma, hata kijana mwenye nguvu zake analitafuta.

## Unasikia harufu ya gesi

Hili halijaribiwi-jaribiwi, ndiyo maana nalitanguliza. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Imetiwa dawa inayonuka kama kitu kilichooza ili pua ikushtue. Ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili, kwa hiyo haipandi darini. Inatambaa sakafuni, inatuama pembeni, chini ya makabati na kwenye mashimo ya maji machafu. Kwenye nyumba zetu za mlimani inafanya jambo jingine ambalo watu hawalifikirii: inateremka. Inaweza kushuka ngazi kwa ngazi hadi uani kwa jirani wa chini, ambako kuna jiko la mkaa linaloivisha maharage.

Funga koki ya mtungi. Fungua milango yote, toa watu, muite na jirani wa chini aondoe moto wake. Usiwashe taa na usizime iliyowaka, maana swichi hutoa cheche katika hali zote mbili. Simu ipigwe ukiwa nje. Namba ya Zimamoto ni 114. Harufu ikishaisha kabisa, ndipo unatafuta panapovuja kwa povu zito la sabuni: paka kwenye regulata, kwenye ncha zote mbili za mpira na kwenye nati ya hita, fungua gesi, tazama vipovu vinapovimba. Kiberiti hakitafuti uvujaji. Nasema hivyo kwa sababu bado nakutana na watu wazima wanaofanya hivyo.

## Unafungua maji, hita iko kimya

Hapa ndipo penye kazi yangu kubwa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila sababu.

Hita hii kwa kawaida haiwashwi kwa kubonyeza kitu. Inawashwa na maji. Yakipita kwa kasi ya kutosha yanasukuma mpira mwembamba ulio ndani, mpira unasukuma kijiti, kijiti kinabonyeza swichi, na hapo cheche inaanza kulia na gesi inafunguka. Baadhi ya hita mpya zina kigurudumu kidogo kinachozungushwa na maji badala ya mpira, lakini shabaha ni ile ile. Maji yakipita kinyonge hakuna kinachosogea. Hakuna mlio wa tik-tik wala moto, na wewe unaamini kifaa kimekufa.

Pima kabla ya kufungua boksi. Vua kichwa cha shawa, kinga ndoo ya lita 20, fungua maji hadi mwisho, tazama saa. Ndoo ikijaa kwa dakika 4 unapata lita 5 kwa dakika, na hapo hita haina kisingizio. Ikichukua dakika 8, umebaki na lita 2 na nusu, mpaka ambapo hita nyingi za nyumbani huanza kukataa. Zaidi ya hapo acha kabisa kuangalia gesi. Shughulika na maji.

Chanzo cha kwanza ni kimo cha tanki. Kila mita moja kutoka usawa wa maji ndani ya tanki hadi kwenye shawa inakupa presha ya baa 0.1 tu. Tazama kibati cha hita: mara nyingi kiwango cha chini kimeandikwa 0.02 au 0.025 MPa, yaani mita 2 hadi 2 na nusu za maji, na hizo ni zile zinazobaki baada ya maji kupambana na kona, koki na bomba jembamba. Sasa simtanki iliyokaa juu ya kinara cha mita 3, na shawa iliyo mita 2 kutoka chini, zinakuachia mita 1 na kina cha maji yaliyomo. Tanki likijaa hita inawaka. Likishuka nusu inagoma. Mtu akiniambia "jana iliwaka, leo haiwaki", swali langu la kwanza ni tanki lina maji kiasi gani.

Hapa Mwanza tunayo dawa ambayo wenzetu wa nchi tambarare hawana. Kuna nyumba moja Mabatini ambako tuliacha habari ya pampu, tukapandisha tanki kwenye jabali nyuma ya nyumba na kupata karibu mita 6 za kimo. Hita ile haijawahi kukataa. Lakini jabali lazima lisawazishwe kwa zege kwanza na tanki likae kitako kizima, kwa sababu lita 1,000 ni tani moja, na tani moja ikiteleza mlimani haichagui paa. Pasipo na jabali, pampu ndogo ya kuongeza presha inayojiwasha maji yakifunguliwa inamaliza kazi.

Chanzo cha pili ni chujio. Kwenye mdomo wa maji baridi, chini ya hita, kuna kichujio cha waya cha ukubwa wa kidole gumba. Maji yakikatika na kurudi yanakuja na mchanga, na tanki linalopitisha mwanga huota ukungu wa kijani. Funga maji, legeza nati, kitoe, kisugue kwa mswaki wa zamani. Vijitabu vingi vinatisha watu kuhusu chokaa inayoganda ndani ya mabomba ya hita, na fundi anaweza kukushawishi ununue dawa ya kuiondoa. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana madini machache sana. Kama unatumia maji ya ziwa, chokaa iwe mtuhumiwa wako wa mwisho. Wenye visima virefu ndio waangalie suala hilo, hasa birika lao likiwa na ukoko mweupe.

Vingine ni vya haraka. Kagua kama bomba la maji baridi limeunganishwa kimakosa upande wa kutokea; maji yatapita vizuri tu, ila hita haitaona chochote. Rangi ya buluu ni kuingia, nyekundu ni kutoka. Fungua kifuniko cha betri: ni mbili, zile nene za volti 1.5 kila moja. Zikiisha kabisa hita inanyamaza vile vile. Ukikuta unga wa kijani kwenye vyuma vya betri, ukwangue hadi chuma king'ae. Na kama maji yako yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, hita ikawaka vizuri saa nne usiku lakini ikagoma saa kumi na mbili asubuhi kila mtu anapochota, umeshajua tatizo bila fundi.

## Inalia tik-tik lakini haishiki moto

Maji yako sawa, basi. Sasa geukia gesi.

Kama umebadilisha mtungi muda si mrefu, mpira wa gesi umejaa hewa. Fungua na funga maji mara tatu au nne, ukisubiri kidogo kila mara, hadi gesi ifike. Hakikisha regulata imeshika kichwa cha mtungi sawasawa, kwani mitungi ya kampuni tofauti inaweza kuwa na vichwa tofauti na regulata inayoazimwa hukaa nusu nusu. Fungua koki polepole. Zipo regulata zenye kizuizi cha usalama kinachojifunga gesi ikitoka ghafla.

Kisha soma regulata yenyewe. Hita ya gesi ya mtungi inataka presha ndogo, ambayo kwenye kibati huandikwa 2800 Pa au karibu milibaa 30. Ni regulata ile ile ya jiko la nyumbani. Ile nyingine yenye mkono wa kuzungusha, inayotumiwa na mama ntilie kwenye majiko makubwa ya chini, haifai hata kwa dakika moja. Inapasua vali ya hita, na moto unatoka mbele ya boksi.

Kibati kikisema 2000 Pa, hita hiyo iliundwa kwa gesi asilia, ile inayosafirishwa kwa bomba kutoka Songo Songo na Mtwara kwenda Dar es Salaam. Mwanza hatuna bomba hilo. Gesi ya mtungi ina nguvu karibu mara mbili na nusu ya gesi asilia kwa ujazo ule ule, kwa hiyo matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya gesi asilia yatamwaga moto mkubwa wa njano wenye masizi. Asikudanganye mtu kwamba ataminya koki kidogo na mambo yakawa sawa. Hubadilishwa vijitundu vyote, kwa seti ya mtengenezaji wa hita hiyo hiyo. Seti ikikosekana, irudishe dukani.

Tik-tik ikiwa nzito na ya kusuasua, weka betri mpya kabla ya kufikiria lingine. Na kama hita inashika moto kwa kishindo, "pu!", hadi boksi linatikisika, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Maana yake gesi inajikusanya ndani kabla cheche haijaifikia: ama vichomeo vina uchafu, ama pini ya cheche imepinda ikakaa mbali. Kila kishindo kinalegeza kitu.

## Inawaka, halafu inazima

Chukua saa. Muda inaochukua kabla ya kuzima ndio unaokupa jibu.

Sekunde chache, labda tano hadi kumi: kuna pini moja nyembamba iliyoingia ndani ya moto, tofauti na ile ya cheche. Kazi yake ni kuuthibitishia ubongo wa hita kwamba moto upo kweli. Isipouhisi, gesi inafungwa. Lakini masizi kidogo tu yanatosha kuipofusha. Funga gesi, toa betri, acha ipoe, isugue taratibu kwa msasa laini. Mara nyingi hiyo ndiyo kazi yote.

Dakika mbili tatu: upepo au maji. Nyumba zinazotazama ziwa, kuanzia Capri Point hadi Luchelele, hupigwa na upepo wa mchana unaotoka majini. Bomba la moshi lililoelekezwa ziwani linarudishiwa moshi wake tumboni. Ligeuze upande usiopigwa na upepo, au lifunge kofia. Kama hakuna upepo, tazama kama kuna mtu jikoni anayefungua bomba wakati wewe unaoga.

Dakika 20 kamili: siyo ugonjwa. Hita nyingi zina saa ya ndani inayozima baada ya dakika 20 za mfululizo ili mtu asisahau moto. Funga maji, fungua tena.

Inazima bila mpangilio, na mwali wake umebadilika rangi: ruka hadi kwenye sehemu ya maumivu ya kichwa hapo chini, usome hiyo kwanza.

## Maji yanaunguza

Hili ni tatizo letu hasa, na sijaliona likielezwa mahali pa kutosha.

Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika imepimwa ipandishe joto la maji kwa nyuzi 25. Katika nchi ambako maji yanaingia nyumbani yakiwa nyuzi 10, yanatoka 35 na mtu anatamani zaidi. Maji ya ziwa letu yanacheza kwenye nyuzi 24 hadi 27, na ya kuogea mtu hupenda karibu 40. Sisi tunahitaji kupandisha nyuzi 15 tu. Sasa ongeza udhaifu wa maji yetu: hita ile ile ikipata lita 3 badala ya 6, joto linalopandishwa linakuwa mara mbili, nyuzi 50. Ishirini na tano na hamsini ni sabini na tano. Maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu mzima ndani ya sekunde chache, na mtoto haraka zaidi.

Mwaka fulani niliitwa na mama mmoja wa Nyegezi, mtu wa makamo. Nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Hebu njoo uone hii dude lako. Nikipunguza maji ya moto, yanazidi kuwa ya moto. Nifanyeje?"

Alikuwa ameliona jambo lenyewe barabara, ila hakujua kwamba ndiyo sababu. Mkono wetu umezoea kwamba ukiminya koki ya moto, joto linapungua. Kwenye hita hii ni kinyume: ukiminya, maji machache yanakaa muda mrefu zaidi juu ya moto ule ule. Na ukifungua maji baridi ili kuchanganya, kwenye nyumba yenye presha ndogo, baridi inayanyang'anya maji yaliyokuwa yanapita kwenye hita. Yanayobaki yanachemka, au hita inazima na ghafla unamwagiwa ya baridi tupu.

Nilichomfundisha ni hiki. Kitufe cha msimu, chenye picha ya jua upande mmoja na theluji upande mwingine, kikae kwenye jua mwaka mzima. Hapo sehemu tu ya vichomeo inawaka. Kitufe cha gesi kiwe chini kabisa. Kitufe cha maji kwenye hita kifunguliwe hadi mwisho, na koki ya moto bafuni ifunguliwe yote. Kisha rekebisha kwa kitufe cha gesi pekee. Yakiwa bado makali, usiyafukuze kwa koki. Hayo ni malalamiko ya presha, rudi kwenye habari ya tanki. Na ukifunga maji kwa dakika moja kujipaka sabuni, usiingie chini ya shawa mara tu unapofungua tena: yale yaliyobaki ndani ya hita yamepata moto wa ziada, yaache yapite. Mtoto aogeshwe kwa maji yaliyokingwa kwenye beseni na kupimwa kwa kiwiko, si chini ya shawa.

Upande wa pili, maji kuwa vuguvugu tu, ni nadra huku. Angalia kama mtungi unaelekea ukingoni au kama kitufe cha gesi kimesukumwa na watoto.

## Mwali wa njano na masizi

Mwali mzuri ni wa buluu, mfupi, uliosimama. Ncha za njano zinazopeperuka ni moto wenye njaa ya hewa.

Usawa wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na nyumba zetu za milimani ziko juu zaidi. Kwa kimo hicho presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam, ndiyo maana hata sufuria huku huchemka kwenye nyuzi 96. Hita iliyopimwa usawa wa bahari inapata oksijeni pungufu kidogo. Peke yake jambo hilo halileti masizi kwenye hita nzima. Lakini linaipunguzia akiba: uchafu ambao hita ya Dar es Salaam ingeuvumilia, ya Mwanza haiuvumilii.

Na uchafu wetu unaujua. Ni wale wadudu wadogo wanaonyanyuka ziwani kwa mawingu kama moshi, wanaofuata taa hadi ukuta unakuwa mweusi. Wanaingia kwenye matundu ya chini ya hita, wanakufa kwenye midomo ya vichomeo, na buibui wanawafuata na kutanda humo. Wanaokaa ufukweni wanipigie simu baada ya wimbi la wadudu, si baada ya masizi. Funga gesi, vua ganda la mbele, piga brashi laini ya rangi kwenye mdomo wa kila kichomeo, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli. Usichokonoe vijitundu vya gesi kwa sindano. Ukivipanua umeharibu kipimo. Wala usifunge chandarua chenye macho madogo kuzunguka hita kuzuia wadudu, kwa sababu kitaziba hewa ile ile unayoitafuta. Zima taa ya nje iliyo karibu na hita usiku wa wadudu. Hiyo inasaidia kuliko chandarua.

## Kichwa kinauma ukitoka kuoga

Niliitwa nyumba ya kupanga, hita "inazima yenyewe". Nikakuta imefungwa ndani ya bafu, juu ya mlango, bila bomba la moshi. Fundi aliyenitangulia alisema hapo panapendeza. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa nailoni sababu ya baridi. Nikawa nauliza tu maswali ya kawaida ndipo mke wa nyumba akasema mumewe wiki ile alikutwa amekaa sakafuni, miguu haina nguvu, anatapika. Walipima malaria. Haikuwepo. Wakasema ni uchovu.

Haukuwa uchovu. Kilo moja ya gesi inahitaji zaidi ya mita 12 za ujazo za hewa ili iungue vizuri. Bafu la mita 1 na nusu kwa mita 2, lenye dari ya mita 2.6, lina mita 7.8 zote kwa jumla, na mtu anavuta humo humo. Hewa ikipungua, moto unaanza kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, magoti yanalegea, na mtu anashindwa hata kufika kitasani. Huku kwetu dalili hizo zinaitwa malaria kabla mtu hajafikiri. Tofauti itafute hapa: je, maumivu huja baada ya kuoga na kupungua ukikaa nje? Je, watu wawili wa nyumba moja wanayapata siku moja? Je, hita imekuwa ikizima yenyewe? Baadhi ya hita zina kinga inayozima hewa ikiharibika, na kule kuzima ndiko kulikokuwa kukimlinda yule baba kila siku, huku wao wakilalamika kwamba kifaa ni kibovu.

Mtu akikutwa katika hali hiyo, mtoe nje kwanza, funga gesi, mpeleke hospitali, iwe Bugando, Sekou Toure au iliyo karibu, na mtamkie daktari maneno haya: "alikuwa anaoga kwa hita ya gesi ndani." Bila kusema hivyo anaweza kutibiwa ugonjwa mwingine.

Tiba ya hita ni moja. Itoke bafuni. Ikae ukuta wa nje, chini ya kipaa kidogo cha kuzuia mvua, mbali na dirisha la chumba cha kulala, bomba lake la moshi likiangalia wazi, na mtungi ukae nje pia, umesimama wima. Ile niliing'oa siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba alipinga kutobolewa kwa ukuta. Nikamwambia sitairudisha ilipokuwa hata akinilipa mara mbili, na wapangaji wakasimama na mimi. Ukuta ulitobolewa.

## Hita inadondosha maji chini

Kabla ya kusema imetoboka, kausha na uangalie yanatoka wapi. Yakitoka kwenye nati hata gesi ikiwa imefungwa, ni uvujaji wa maji, badilisha washa, yaani ule mpira mdogo wa duara ulio ndani ya nati. Yakitokea tu wakati moto unawaka, hasa mwanzoni, huo ni mvuke wa moshi uliopoa ukageuka maji. Gesi ikiungua huzaa maji: kilo moja hutoa karibu kilo 1.6. Kuoga dakika 10 kwa moto mkubwa hula kama gramu 150 za gesi, na hapo robo lita ya maji imetengenezwa. Kawaida inapaa na moshi.

Kuna vifaa vilivyoundwa makusudi kuyakamata maji hayo. Ndugu zetu walioko Canada na kaskazini mwa Marekani wana matanuru ya kupashia nyumba nzima joto yanayoupoza moshi hadi chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke unageuka maji na kuacha joto lake ndani. Ndiyo maana yanatumia zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya gesi, wakati ya zamani yaliishia kwenye 80, na moshi wake umepoa kiasi cha kupita kwenye bomba la plastiki. Nyumba ya Mwanza haihitaji tanuru hilo. Ila hita za maji za mtindo huo zimeanza kuletwa kwenye makontena, na moja ya Isamilo ilinipa kazi ya siku mbili. Iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Bomba la moshi lilikuwa limelazwa likiinamia nje, maji yakajikusanya kwenye kona. Linatakiwa kuinamia kwenye kifaa, ili maji yarudi na kutoka kwa mrija wake. Mrija huo una kona iliyopinda kama ya sinki, nayo ujazwe maji kabla ya kuwasha mara ya kwanza, vinginevyo moshi unapita humo na kuingia ndani. Maji yanayotoka yana asidi, yanakula saruji na bati taratibu. Yapeleke kwenye bomba la plastiki la maji machafu, si juu ya paa la jirani.

## Mtungi unatoa jasho na moto unafifia

Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika kinachogeuka hewa, na kugeuka huko kunakula joto. Hita ya kilowati 12 inavuta karibu kilo moja kwa saa. Mtungi wa kilo 6 hauwezi kuzalisha kwa kasi hiyo kwa muda mrefu. Unapoa, unatoa jasho, wakati mwingine ukungu mweupe unauzunguka chini, na mwali unanywea wakati bado una uzito mkononi. Watu wanausukumia juani, wanaumwagia maji ya moto, wengine wanaulaza. Usiulaze kamwe: gesi itatoka ikiwa bado kimiminika na kuingia hivyo hivyo kwenye regulata. Tumia mtungi wa kilo 15, au wa kilo 38 kama nyumba ina watu wengi.

Kama mtungi wa kilo 15 unaisha mapema mno, piga hesabu: kwa gramu 150 kila kuoga, ni mara 100 hivi, na zaidi ukiwa kwenye kitufe cha jua. Watu watano wakioga mara moja kwa siku, siku 20. Ukiisha kwa siku 10, chukua sabuni na maji uanze kwenye regulata, kisha klipu za mpira, kisha mpira wenyewe kwa kuukunja taratibu ukitafuta nyufa. Mpira uliopigwa na jua la ukutani huzeeka kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Na panya wa miambani wanaupenda sana sehemu inayopita nyuma ya tanki, mahali ambapo jicho halifiki, pitisha mkono.